Kimya cha Bibi Anyosisye

Kila asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya migomba, Atuganile alikuwa na kazi ya kufunua kakao. Mbegu zililala usiku kucha chini ya turubai, juu ya kichanja cha mianzi, na yeye ndiye aliyelikunja turubai hilo na kuzitandaza kwa viganja ili zipate jua sawasawa. Harufu yake ilikuwa kali kidogo, kama siki. Atuganile aliipenda, maana ndiyo iliyoleta sare, madaftari na sabuni nyumbani kwao Makwale.

Wakati huo Bibi Anyosisye, mama mzazi wa baba yake, alikuwa kwenye kigoda mlangoni akisali. Alisali kwa sauti, kwa Kinyakyusa, akiwataja mbele za Mungu wanawe, wajukuu, mwenyekiti wa kijiji, kuku waliotamia na wote walio safarini. Hakumsahau mtu. Lakini palikuwa na mmoja ambaye hakumtaja kwa jina. Alipofika kwake alisema tu, "Na yule uliyemchukua, aliyetuletea mti huu," kisha akanyamaza kidogo, ndipo akaendelea.

Huyo alikuwa marehemu baba mkwe wake. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa zamani, mwanamke hamtaji baba mkwe wake wala hatazamani naye. Akimwona anakuja njiani, huingia migombani mpaka mzee apite. Wengi siku hizi wameiacha desturi hiyo. Bibi hakuiacha, hata baada ya mzee kuzikwa. "Nilizijua nyayo zake kuliko uso wake," aliwahi kusema, na hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu anayeonyesha mkeka mzuri aliousuka mwenyewe.

"Ugonile, Bibi," Atuganile alimsalimu alipomaliza amina.

"Nimelala salama, mjukuu wangu. Umemwombea mwalimu wako?"

"Bado, Bibi."

"Mwombee. Kufundisha watoto wenye masikio ya siku hizi si mchezo."

Mwalimu huyo alikuwa Mwalimu Veronika, aliyeanzisha klabu ya podikasti shuleni kwao. Wanafunzi walirekodi mazungumzo ya watu wa kijijini kwa simu, wakayapunguza na kuyapanga yawe kipindi kifupi ambacho mtu anaweza kukisikiliza wakati wowote. Kila Ijumaa kipindi kilipigwa kwa spika kwenye ghala la chama cha wakulima, watu walipokuwa kwenye foleni ya kupima kakao. Watu walikipenda. Mzee Samsoni, mpimaji wa mizani, alisema tangu vipindi vianze ugomvi wa foleni umepungua.

Jumamosi moja zamu ilikuwa ya Bibi Anyosisye. Atuganile alikuja na Wilson, mwanafunzi mwenzake, ambaye mama yake alifanya biashara mpakani Kasumulu na alimwachia mwanawe simu nzuri. Waliiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa. Bibi akakaa wima kama anayepigwa picha.

"Miaka ile hapa palikuwa na mpunga na migomba tu," alianza. "Kakao hatukuijua. Ndipo mtu mmoja akafunga safari kwa miguu, akarudi na matunda ya kakao ndani ya kapu, ameyafunika kwa majani ya mgomba yasikauke. Watu wakamcheka. Mtu huyo ni..."

Bibi akanyamaza. Alijivutia khanga mabegani, akainua kidevu kumwelekea Atuganile. Jogoo aliwika. Wilson alikunja uso, lakini Atuganile alijua wajibu wake. Kitukuu wa mzee anaruhusiwa kutaja.

"Ambwene," alisema.

"Hodi, wifi!" Sauti ilitoka uani papo hapo. Alikuwa Bibi Kisa, jirani yao, binti wa huyohuyo Ambwene. "Niazime ungo wako, wangu umetoboka."

"Pita uchukue, wifi. Hapa tunaongea na dunia."

"Haya, isalimie!" Bibi Kisa alicheka, akachukua ungo akaenda zake. Bibi akaendelea na habari yake mpaka mwisho.

Jumatatu, Mwalimu Veronika aliwakusanya wanaklabu mbele ya kompyuta ya shule, ambayo feni yake ilikoroma kama mtu aliyeshiba.

"Mpaka sasa nimekuwa nikiwaharirieni mimi," alisema. "Sasa mtafanya wenyewe, na mtachagua programu wenyewe. Shule haina fedha za kuchezea. Nimewatafutia programu tatu za kuhariri maneno ya Bibi Anyosisye. Zijaribuni zote kwa sauti hiyohiyo, ndipo mtajua tofauti. Msiulize bei peke yake. Ulizeni pia kila moja inataka nini kwenu."

Haikupita muda wanafunzi walikuwa wamezipa majina. Ya kwanza ilikuwa kwenye kompyuta. Ilikuwa ya bure kabisa, haikuhitaji intaneti, na walioitengeneza waliruhusu kila mtu kuitumia. Lakini sura yake ilikuwa ya kijivu na sauti ilionekana kama milima midogo ambayo ulipaswa kuikata kipande kwa kipande. Wakaiita Jembe. Ya pili ilikuwa ya simu, nayo ilikatiza kazi kila mara ili itangaze viatu na mikopo. Wakaiita Dalali.

Ya tatu ilikuwa Malkia. Ilimeta dhahabu kwenye simu ya Wilson. Ilifuta kelele kwa kugusa mara moja, ikageuza mazungumzo yote kuwa maandishi. Ukifuta neno kwenye maandishi, sauti nayo ilifutika. Kubwa kuliko yote, ukiandika neno jipya, Malkia alilisema kwa sauti ya msemaji mwenyewe.

"Ala! Kama uchawi!" mmoja aliguta.

"Na siku za mwanzo ni bure," Wilson alisema kwa majivuno.

"Na baada ya siku hizo?" Mwalimu aliuliza.

"Tutajiandikisha tena kwa jina lingine, Mwalimu. Simu haijui."

"Simu haijui, lakini wewe unajua," Mwalimu alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha. "Huo ni uongo, Wilson, hata kama unayemdanganya hana uso. Soma masharti yake yote, kisha niambie. Mimi kesho naenda Kyela mjini kwenye semina mpaka Jumamosi. Kipindi kisipigwe kabla sijakisikiliza."

Lakini mwalimu akiondoka, masikio ya watoto huondoka naye. Walipiga kura, na mikono yote ikapanda kwa Malkia, wa Atuganile ukiwa wa kwanza. Masharti yalikuwa marefu na ya Kiingereza. Wilson aliyashusha kwa kidole mpaka chini, akabonyeza palipoandikwa "Nakubali".

"Mimi nina ombi moja," Atuganile alimwambia walipokuwa wakirudi nyumbani. "Toa sauti yangu yote. Nikijisikia, naona aibu. Nasikika kama mbuzi mwenye mafua."

"Yote?"

"Yote! Hata chembe isibaki."

Siku mbili baadaye Wilson alimsikilizisha mwanzo wa kipindi. Jogoo alikuwa ametoweka. Sauti ya Bibi ilitoka safi kama maji ya chemchemi. Atuganile alifurahi, lakini wingu lilikuwa likikusanyika upande wa milima na kakao ilikuwa nje. "Mengine nitayasikia Ijumaa," alisema, akakimbilia turubai.

Ijumaa ilipofika, foleni ilikuwa ndefu kwenye ghala. "Vijana, kipindi kiko wapi?" Mzee Samsoni aliita. "Watu wameanza kugombania nafasi hapa!"

Wilson na Atuganile walitazamana. Mwalimu alikuwa bado hajarudi. "Kimeshakamilika, kina ubaya gani?" Wilson alisema, akaunganisha simu na spika.

Sauti ya Bibi ilijaa uwanja mzima. Bibi mwenyewe alikuwa ameketi juu ya gunia lake kando ya wifi yake Kisa, akijifanya hana habari, ilhali tabasamu lilikuwa likimtoroka. Safari ya miguu ikasimuliwa, na kapu, na majani ya mgomba. Kisha spika ikasema, kwa sauti ya Bibi Anyosisye, bila kusita, bila hata kuvuta pumzi:

"Mtu huyo ni Ambwene."

Mkono wa Mzee Samsoni uliganda juu ya mizani. Kijana mmoja alipiga mluzi. Nyuma ya foleni wanawake walianza kucheka, na mmoja akasema, "Eti mlinzi wa mila! Kumbe mbele ya simu hutaja!"

Bibi Kisa alisimama taratibu. "Wifi," alisema, "nyumbani unajifunika khanga, unatufundisha sisi sote heshima. Leo umemvua baba yangu nguo mbele ya mizani!"

"Sikulisema," Bibi alijibu.

"Nimesikia kwa masikio yangu! Hawa wote wamesikia!"

"Sikulisema, wifi. Mungu wangu ananijua."

"Basi Mungu naye amesikia spika. Jumapili baada ya ibada ukoo utakuja kwako. Uwe na kuku wa kuombea radhi."

Bibi Anyosisye aliinuka. Alijitwisha gunia lake ambalo halijapimwa akaenda nyumbani, na waliokuwa wakimpisha njia kwa heshima siku zote, siku hiyo walimpisha huku wakikonyezana.

Atuganile alihisi damu ikimchemka mpaka masikioni. Alijua Bibi hakulisema. Yeye mwenyewe ndiye aliyelitaja! Alimshika Wilson ukosi wa shati, akamvuta nyuma ya ghala.

"Umefanya nini? Umemtia bibi yangu neno mdomoni! Mwongo wewe! Mwizi wa sauti!"

"Niache, Atu! Wewe ndiye uliyeniambia nitoe sauti yako yote! Hata chembe isibaki, hukusema? Nilipoitoa pakabaki pengo. Malkia akauliza kama nataka kulijaza. Nikaandika jina. Nilidhani nimesaidia!"

"Ungeacha pengo!"

"Pengo la nini? Mtu anasema 'mtu huyo ni', halafu kimya? Watu wangedhani simu imekwama!"

Atuganile aliliachia shati. Hasira yake, iliyokuwa ikienda kwa Wilson kama moshi wenye upepo, iligeuka ikamrudia machoni. Ni yeye aliyeona aibu ya sauti yake. Ni yeye aliyeinua mkono wa kwanza. Ni yeye aliyesikiliza mwanzo tu.

"Fungua sauti ya asili," alisema hatimaye. "Tukaipige sasa hivi, wote wasikie."

Wilson alifungua Malkia. Kioo kilimeta dhahabu kama kawaida, lakini katikati palikuwa na picha ya kufuli. Siku za bure zimekwisha. Ili kufungua kazi zako, lipa kwa kadi ya benki, kwa dola, kila mwezi.

"Rekodi si iko kwenye simu yako?"

"Niliifuta," Wilson alisema kwa sauti ndogo. "Simu ilijaa. Malkia alisema ametunza kila kitu."

"Jiandikishe basi kwa hilo jina lako lingine!"

Wilson alijaribu. Malkia alimkaribisha kwa furaha kama mgeni mpya, akamwonyesha chumba kitupu. Sauti ya Bibi ilikuwa kwenye chumba kile cha kwanza, nyuma ya kufuli.

"Sauti ni ya bibi yangu!" Atuganile alipiga kelele, machozi yakimtoka. "Kinywa ni chake, habari ni yake, halafu mtu asiyemjua aifungie ndani na kudai dola! Dola tutazitoa wapi sisi? Nani hapa ana kadi ya benki? Hii si zawadi ya bure, huu ni mtego!"

Nyumbani alimkuta Bibi akichambua mchele kana kwamba hakuna lililotokea. Atuganile alipiga magoti, akaeleza yote bila kuficha sehemu yake. Bibi alisikiliza. Alipoinua macho, yalikuwa makavu na makali.

"Nilinyamaza, Atuganile. Kunyamaza kwangu kulikuwa kusema. Nani alimpa mtu ruhusa ya kunimalizia? Hata anaponiombea mchungaji huniuliza kwanza niombewe nini! Tangu nilipoolewa nimelichunga jina lile. Nimezaa, nimezika, nimeugua homa ya kupoteza fahamu, sikulitaja. Leo kijisanduku kinalitaja kwa sauti yangu, na watu wanakiamini kuliko mimi!"

"Nisamehe, Bibi. Mpe tu Bibi Kisa kuku, yaishe. Mimi nitamlipia."

"Kuku ninao. Lakini nikimpeleka nitakuwa nimekiri. Siwezi kuungama dhambi ambayo sikuitenda, hata kwa ajili ya amani. Huo nao ni uongo." Akarudi kwenye mchele wake. "Katafute ukweli uliokatwa. Mimi nitaomba."

Jumamosi Mwalimu Veronika alipofika kwake, bado ameshika mkoba wa safari, aliwakuta Atuganile na Wilson wakimngoja kibarazani. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Hasira yake ilionekana kwenye jinsi alivyouweka mkoba chini.

"Niliwaambia msipige kabla sijasikiliza."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Niliwaambia msome masharti."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nipe simu, Wilson." Aliyafungua masharti ya Malkia, akayasoma huku akiwatafsiria. "Mmeikubalia iitunze sauti ya Bibi, iijifunze, na iitumie ipendavyo. Mmesikia? Mlimtoa mtu mzima na heshima zake kwa kubonyeza kidole, bila kumuuliza! Bure gani hiyo?" Alipumua kwa nguvu. "Atuganile, Jumatatu mlipojaribu Jembe, mlihifadhi?"

Atuganile alikodoa macho. Alikuwa amelisahau Jembe kama mtu anavyosahau jembe lenyewe kona ya jikoni. "Nilikata jogoo tu, Mwalimu. Kisha nikabonyeza kuhifadhi."

"Basi twende."

Ofisini, kompyuta ilikoroma, ikatafakari, ikawaka. Jembe likafunguka na milima yake ya kijivu. Rekodi yote ilikuwemo, toka mwanzo mpaka mwisho. Hata jogoo, Mwalimu aliporudisha kipande kilichokatwa, aliwika tena. Hapakuwa na kufuli wala mtu wa kudai chochote. Atuganile aliinamisha kichwa kwenye meza akasema kimoyomoyo, "Ndaga fijo, Mungu wangu," ndiyo kusema asante sana.

Jumapili baada ya ibada ukoo ulijaa uani kwa Bibi Anyosisye. Bibi Kisa aliketi mbele, mikono kifuani. Kuku wa Bibi walitembea huku na huko, hakuna aliyefungwa miguu.

"Wifi, naona hukujiandaa," Bibi Kisa alisema.

"Nimejiandaa, wifi. Wasikilize watoto."

Atuganile alisimama. Sauti ilitoka kama ya mbuzi mwenye mafua kweli, lakini hakuikatiza. Alieleza jinsi alivyolitaja jina kwa niaba ya Bibi, jinsi alivyoona aibu ya sauti yake, na jinsi alivyoagiza itolewe. Wilson naye akasimama. "Mimi ndiye niliyeliandika jina, na mashine ikalisema kwa sauti ya Bibi," alisema. "Bibi hakulisema."

"Ha!" Bibi Kisa aliruka. "Kama mashine inaweza kusema kwa sauti ya mtu, nitajuaje kwamba hicho mlichokileta leo nacho hamkukipika? Nyinyi na mashine zenu mnatufanya wajinga!"

Watu walinung'unika kukubaliana naye, na walikuwa na haki. Anayedanganya mara moja huutia shaka hata ukweli wake.

"Sikiliza kwanza, mama," Mwalimu Veronika alisema. "Halafu utahukumu."

Spika ikaanza. Safari ya miguu. Kapu. Majani ya mgomba. "Mtu huyo ni..." Kisha kimya. Kilikuwa kimya kirefu, chenye upepo ndani yake, na khanga ikivutwa begani, na jogoo akiwika. Ndipo sauti nyembamba ya mtoto: "Ambwene." Na papo hapo, kabla neno halijapoa, sauti nyingine kutoka mbali: "Hodi, wifi! Niazime ungo wako, wangu umetoboka."

Bibi Kisa alishika kinywa. Uani kote watu walimgeukia.

"Ungo," alisema polepole. "Nilikuja kuazima ungo."

"Na hujaurudisha," Bibi Anyosisye alisema.

Kicheko kililipuka, lakini Bibi Kisa hakucheka. Alitembea mpaka kwenye kigoda cha wifi yake, akachuchumaa. "Nilikuwapo pale uani," alisema. "Nilimsikia mtoto akimtaja baba. Kisha spika ikaniambia vingine, nikaiamini spika. Nimekuaibisha mbele ya watu kwa jambo ambalo masikio yangu yalikuwa shahidi wake. Mwenye kuleta kuku ni mimi, wifi."

"Lete ungo," Bibi alijibu, akamshika mkono amwinue. "Kuku tutamla siku nyingine."

Jumatatu Mwalimu na Wilson waliiamuru Malkia ifute kila kitu, na akaunti zote mbili zikafutwa, ile ya kweli na ile ya uongo. Wilson alimwandikia Bibi barua ya kuomba radhi, akaipeleka mwenyewe na kuisoma mbele yake. Kisha klabu ikaanza upya na Jembe. Kazi ilikuwa ya polepole. Atuganile alijifunza kuvisogeza vipande vile vya kijivu na kusikiliza kila kimoja mpaka mwisho, na Bibi aliitwa shuleni asikilize kipindi kizima kabla hakijatoka. Mwalimu alikuwa amewapa kanuni hiyo: anayerekodiwa asikie kwanza, na rekodi ya asili isifutwe kamwe.

"Jogoo mmwache," Bibi aliagiza. "Naye alikuwepo."

Ijumaa iliyofuata foleni ilikuwa ndefu kuliko kawaida, maana habari ilikuwa imeenea mpaka Ngana na Bujonde. Kabla ya kipindi, Atuganile na Wilson walitangaza kwa spika kosa lao, mbele ya walewale waliocheka. Yule kijana wa mluzi aliinamia kiatu chake. Kisha Bibi akaanza kusimulia.

"Mtu huyo ni..."

Kimya kikashuka juu ya uwanja. Mzee Samsoni aliinua mkono kutoka kwenye mizani. Mwanamke mmoja alijifunga khanga vizuri, kisha mwingine, kisha hata wasichana. Hakuna aliyedhani spika imekwama. Walingoja, wazee kwa watoto, mpaka sauti ya mbuzi mwenye mafua ilipolitaja jina, na hapo uwanja mzima ukashusha pumzi kwa pamoja.

Mwalimu Veronika alikuwa amesimama karibu na wanaklabu wake. "Kumbukeni siku hii," aliwaambia. "Kitu cha bei nafuu si kile kinachometa na kuitwa bure. Ulizeni kitataka nini kesho, na nani atakilipia. Jembe halikuwadai chochote ila uvumilivu. Malkia aliwadai ukweli wenu na heshima ya mama wa watu. Na mkiwa na kisu cha kukatia maneno ya mtu, kateni kelele, msikate ukweli. Pale mtu alipochagua kunyamaza, hapana pengo. Msijaze."

"Ndiyo, Mwalimu," walijibu.

Bibi Anyosisye, aliyekuwa juu ya gunia lake kando ya wifi yake, aliinua kidevu kuelekea kwa Mzee Samsoni.

"Haya sasa," alisema, "nani atapima kakao yangu? Au nayo inangoja nitaje mtu?"